Maini ya Mzee Mbwana

Jumanne, 1 Juni

Daftari hili nililinunua la kuandikia oda za pilau. Leo nimeligeuza. Kurasa za mbele zibaki za mchele na bizari, za nyuma nitaandika yale ambayo nikiyasema barabarani nitapoteza wateja.

Warda, mwanangu wa pekee, anaolewa Jumamosi ya tarehe 21 Agosti. Nikaha msikitini, walima uwanjani kwetu Mzambarauni. Ndipo alipoolewa mama yangu, ndipo nilipoolewa mimi, na kila khitma, kila maulidi na kila mpira wa hapa kijijini umo katika uwanja huo.

Uwanja huo sasa una nguzo za saruji arobaini na sita. Zimechimbiwa mwezi uliopita na kampuni ya nduguye Mheshimiwa Boga, mbunge wetu. Waya bado. Tumeambiwa utafungwa uchaguzi ukishapita, kisha zijengwe nyumba za kukodisha watalii. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti. Kutoka hapo hadi harusi ni siku kumi na moja. Boga akirudi bungeni, mwanangu hana pa kukalishia wageni wake.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyempikia Boga kampeni ile ya kwanza, miaka mitano iliyopita, nikamwombea kura jiko hadi jiko. Wakati huo nilikuwa na sufuria mbili na mwiko mmoja wa kuazima. Leo nina sufuria kumi na nne, wapishi tisa, na masinia mia mbili na kumi. Hakuna aliyenipa. Lakini na yeye hakuna aliyempa ila sisi.

Ijumaa, 4 Juni

Nimempigia Boga simu kuhusu nguzo. Mara ya thelathini na moja. Yule dada wa kwenye mtambo aliyeniambia namba haipatikani ana adabu kuliko ofisi yake nzima.

Jumatano, 9 Juni

Amekuja Duncan, msaidizi wa Boga, kijana wa bara mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi letu halijapata kuvigusa.

"Mathe, mheshimiwa anaanza mikutano. Tunataka masinia themanini, Jumapili. Nyama isiwe ya kuhesabu."

"Shikamoo haina gharama, mwanangu."

"Shikamoo mathe."

"Marahaba. Na zile nguzo uwanjani?"

"Hiyo ni story ingine, mathe. Hiyo ni maendeleo."

Nereah, mwenzangu wa jikoni, alikuwa anachambua vitunguu akanikazia macho. Nereah alikuja kutoka Siaya kufanya kazi hoteli ya Diani, hoteli ikafungwa, akaja kwangu kwa wiki moja. Hii ni wiki ya mia nne na kitu. Duncan alipoondoka akaniuliza, "Sasa unampikia adui yako?"

Nikamwambia Boga hulipa, sina neno hapo. Ugomvi wangu haumo katika malipo. Na nikikataa atapika mwengine, halafu sitajua nani alikula na nani aliacha. Mbunge ana watu wa kumhesabia kura. Mimi nina masinia. Sinia moja ni watu watano, na likirudi jikoni huwa linanieleza wale watano walikaa au waliondoka.

Jumapili, 13 Juni

Masinia themanini yametoka. Sabini na manane yamerudi meupe, hata ukoko umekwanguliwa. Watu mia tatu na tisini wamekula wakashiba wakapiga makofi. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Boga hakukaa na mtu. Alikula ndani ya hema lake, sahani imefunikwa karatasi ya fedha, uma na kisu, maji ya chupa. Miaka mitano iliyopita alikuwa akikaa mkekani na yeyote, akichambua nyama na kuwagawia wengine kabla hajatia tonge mdomoni. Nilimwona kwa macho yangu kutoka jikoni nikamwambia Nereah, huyu anapita. Akapita.

Leo nilipompelekea sahani alinitazama akasema, "Asante, mama pilau." Zamani aliniita dada Mbeyu.

Alhamisi, 17 Juni

Mvua. Kuni zote zimelowa. Harufu yangu ni ya moshi hadi kwenye mto wa kulalia.

Jumapili, 20 Juni

Leo alikuwa uwanjani mpinzani wa Boga, Bwana Mwinga, yule afisa wa mifugo aliyestaafu. Watu wanamwita Daktari kwa kuwa amedunga sindano mbuzi wa jimbo zima. Mkutano wa watu arobaini na watatu, pamoja na mimi niliyekuwa napita. Hakuna pilau, hakuna hema, spika moja inayokohoa. Anaongea polepole kama anayemtuliza ng'ombe mkali. Nikasema moyoni, huyu atashindwa na adhana.

Halafu akauliza, "Nguzo hizi ni ngapi?"

Watu wakatazamana. Mimi nikapaza sauti, "Arobaini na sita!"

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika. Akaniuliza zimeacha nafasi gani kati ya moja na nyingine. Hatua nne, nikamwambia. Akaandika na hilo.

Sijui kwa nini lilinipendeza. Katika miaka mitano yule mwengine hakuandika hata jina langu.

Jumapili, 27 Juni

Mkutano wa pili wa Boga. Masinia themanini. Hamsini na moja yamerudi meupe, ishirini na tisa yamerudi na wali. Nimeyahesabu mara mbili, Nereah mara ya tatu. Watu mia moja na arobaini na watano walionja wakaondoka kabla ya hotuba. Mapishi ni yale yale, mpishi ni yule yule.

Jumapili, 4 Julai

Warda ameniambia, "Mama, tukodi ukumbi Ukunda, tuache mashaka."

Nimemwambia ukumbi una mlango, na mlango una mtu wa kuuliza nani amealikwa. Harusi ya kwetu haiulizi.

Akacheka, akasema, "Basi mshinde huyo mtu, Mama. Kadi nimeshapeleka kuchapishwa, zimeandikwa Uwanja wa Mzambarauni."

Jumapili, 11 Julai

Nina la kuandika leo, na bado nacheka.

Ilikuwa arobaini ya marehemu Bi Ummi, mkunga. Amezalisha nusu ya jimbo hili, na nusu iliyobaki alikuwa akisema walizaliwa kwa papara hawakumngoja. Kwa hiyo wamekuja wote. Upande wa wanaume peke yao masinia tisini na mawili, watu mia nne na sitini, mikeka imetandikwa kati ya nguzo za saruji kama tumefungiwa zizini.

Khitma imesomwa, dua imeombwa, tukaanza kutoa chakula. Mara gari tatu. Boga. Yaonekana kuna aliyemwambia kwamba watu wanasema kuhusu lile hema na ule uma. Ameshuka na kanzu mpya, mikunjo ya paketi bado inaonekana mgongoni, na mpiga picha nyuma yake. Akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Leo nakaa chini na wazee wangu!"

Wakamkalisha kwenye sinia la Mzee Mbwana.

Mzee Mbwana alikuwa mchinjaji wetu miaka hamsini. Sasa hana hata jino moja, na nyama aliyoichinja maisha yake yote imemshinda. Kwa hivyo kila khitma mimi huweka kipande kimoja cha maini, laini, nimekichemsha peke yake, upande wake wa sinia. Kila mtu hapa anajua. Na kila mtu anajua adabu ya sinia: unakula mbele yako, upande wako, nyama ya katikati huigusi mpaka mkubwa wa sinia aichambue na kukugawia. Mtoto wa miaka minne akivusha mkono hupigwa kofi la kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pazia la turubai na bakuli la kachumbari. Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, tazama hapa!" Boga akatazama pale. Macho kwenye kamera, akaunyosha mkono, ukapita juu ya wali, ukapita juu ya mkono wa Mzee Mbwana, ukafika upande wa pili, ukachukua maini. Akatia mdomoni. Akatabasamu.

Sikuamini. Sinia lile liliacha kula, kisha la jirani, kisha mkeka mzima, habari ikaenda kama maji yanavyoingia kwenye mkeka. Mzee Mbwana alikuwa ameshaunyosha mkono wake. Akautazama ule upande wake mtupu. Akauliza taratibu, bila hasira, kama anayemuuliza mgeni kama ameongezwa mchuzi:

"Mheshimiwa, kwani uwanja haukukutosha?"

Mtu wa kwanza kucheka alijificha kwenye kofia yake. Wa pili hakuwahi. Halafu ikawa khitma nzima, watu wamejishika mbavu, na Bi Ummi naapa angecheka kuliko wote. Boga hakuelewa. Akadhani amechekesha, akacheka na yeye, na mpiga picha akaichukua picha hiyo.

Jumatano, 14 Julai

Picha imefika Vanga. Imefika Kibuyuni kwa akina mama wa mwani, imefika Samburu kwa wenye malori ambao hata si jimbo letu. Sokoni leo mtu akisogeza fungu lake la muhogo kidogo tu, jirani yake humwambia, "Dada, upande wako!" Soko zima linaangua kicheko.

Alhamisi, 15 Julai

Duncan ameleta ndoo ya maini nyumbani kwa Mzee Mbwana. Kilo tano. Nilikuwapo, nimempelekea mzee uji.

"Mzee, mheshimiwa anasema pole sana."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Ako na mkutano, mzee."

Mzee Mbwana akaifunua ndoo, akachungulia kwa jicho la kazi yake ya zamani. "Haya ni maini ya fahali mzee. Mrudishie. Mwambie amekosea hesabu tena. Kipande kilikuwa kimoja."

Duncan akabaki na ndoo mkononi. Damu ikadondokea kiatu cheupe.

Alipokwisha kwenda, mzee akaniambia, "Mbeyu, mimi sikudai maini. Ningetaka aniangalie tu, ajue kama nimekula."

Jumatatu, 19 Julai

Mbuzi wa harusi wako sita na mmoja anachechemea. Nimempigia Mwinga, kumjaribu tu, maana zimebaki wiki tatu za kampeni. Amekuja saa tisa na pikipiki yake, akamshika mbuzi, akamtoa mwiba, akamdunga sindano. Wapishi walikuwa wanakula, wakamkaribisha. Akanawa, akakaa kwenye sinia na Nereah na wenzake. Nikamwangalia kama polisi. Alikula upande wake. Alipoona Nereah amemaliza nyama, akamega yake akamsogezea, mazungumzo yakaendelea.

Nikamuuliza, "Daktari, ukishinda utapokea simu?"

Akatafuna kwanza. "Sijui, Mama Warda. Na Boga naye mwanzoni alikuwa akipokea."

Nilichukia. Mtu anaombwa ahadi moja ndogo, anajibu hajui! Lakini nimeosha vyombo na jibu hilo kichwani, na kadiri ninavyoosha ndivyo linavyonipendeza. Boga aliniahidi mambo tisa. Ninayo yote, yameandikwa kwenye daftari la mwaka ule.

Jumapili, 25 Julai

Masinia themanini. Kumi na tisa meupe. Sitini na moja yamerudi na wali, mengine hata kachumbari haikuguswa. Tumegawa pilau madrasa tatu na kanisani kwa Nereah.

Duncan, viatu vyake sasa vyekundu kama udongo wetu, akaniuliza, "Mathe, kwani umeweka nini kwa hii pilau?"

"Chumvi tu, mwanangu."

Akakaa kwenye gunia la mkaa, akala sinia zima peke yake. Nilimwonea huruma. Akasema, "Mimi nilimwambia aende kwa ule mzee mwenyewe. Hasikii mtu siku hizi." Halafu akaongeza, "Shikamoo, mathe." Tulikuwa tumeshasalimiana. Nikampa ndizi.

Jumapili, 8 Agosti

Kampeni zimekwisha. Kimya cha spika kinaziba masikio. Nimeanza kuogopa. Masinia hayajapata kunidanganya, lakini masinia hayapigi kura.

Jumanne, 10 Agosti

Nimefika shuleni saa kumi na mbili kasorobo nikakuta watu mia moja na sita mbele yangu. Mzee Mbwana ni wa kwanza, ameletewa kiti. Kila aliyejaribu kuingilia foleni aliambiwa, "Upande wako!" hata na askari. Nimepiga. Kidole kina wino na harufu ya vitunguu.

Jumatano, 11 Agosti

Fomu ya matokeo imebandikwa mlangoni pa shule asubuhi. Hapa Mzambarauni miaka mitano iliyopita Boga alipata 702. Leo 188. Mwinga 691.

Niliisoma mara tatu. Halafu nikaenda na Nereah kwa pikipiki vituo vingine kumi na viwili, kalamu mkononi. Boga ameshinda kituo kimoja, kwao.

Alhamisi, 12 Agosti

Imetangazwa! Mwinga 19,406. Boga 14,873. Tofauti 4,533.

Nereah ameruka juu ya gunia la mchele akalipasua, na sikumgombeza. Tumepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza harusi imesogezwa? Warda amenikumbatia akasema, "Umemshinda, Mama." Nikamwambia mimi ni mmoja kati ya elfu kumi na tisa mia nne na sita, lakini nimemwacha aniite mshindi hadi magharibi.

Redioni mabwana wawili wanabishana. Mmoja asema ni chama, mwengine asema ni upepo wa mabadiliko. Wote hawajaosha sinia. Boga hakuangushwa na kipande cha maini. Kulikuwa na simu thelathini na moja, ahadi tisa, nguzo arobaini na sita, na kila mtu hapa anayo orodha yake: wa Vanga ana barabara, wa Kibuyuni ana banda la kukaushia mwani. Kila mmoja alikuwa akidhani ameumizwa peke yake, akaona haya kusema. Siku ile mkono ulipovuka sinia, tuliona sote kwa pamoja kile ambacho kila mtu alikuwa akikiona kwake.

Jumamosi, 14 Agosti

Lori la nduguye Boga limekuja kung'oa nguzo. Tulipouliza, dereva akasema kibali hakikuwa na karatasi, kilikuwa na mtu, na mtu hayuko tena. Wamebeba arobaini na tatu. Tatu zimevunjika wakaziacha. Nikamwambia Nereah asimruhusu mtu kuzigusa.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimeandika haya nimekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa, miguu imevimba, mwenye furaha.

Masinia yote mia mbili na kumi yametoka, na tumeazima sitini. Warda alikuwa na leso mpya na hina hadi kiwikoni, na Amin, mkwe wangu, alikuwa anajibu salamu kama anayefanya mtihani. Akina mama wameimba mpaka sauti zimekauka. Mheshimiwa mpya alikuja akaulizwa habari za mbuzi na watu kumi na wawili.

Sufuria kubwa kuliko zote niliiweka juu ya mafiga matatu ya saruji. Nguzo zilizovunjika. Zinahimili moto vizuri sana.

Masinia yalipokuwa yanaingia, akaja mtu na pikipiki ya kukodi, peke yake, kanzu ya zamani. Boga. Watu wakatazamana. Nikatoka jikoni na mwiko wangu. Amesimama mbele yangu akasema, "Dada Mbeyu, sikualikwa."

"Hapa hatualiki," nikamwambia. "Nawa mikono."

Alikwenda mwenyewe akakaa kwenye sinia la Mzee Mbwana. Mzee akamsukumia nyama ya katikati, kwamba aichambue yeye. Boga akachambua. Akawagawia wote wanne, polepole, yake mwisho. Kisha akakitazama kile kipande cha maini, akakigeuza kwa ncha ya kidole, akakisogeza karibu zaidi na mkono wa mzee, na akamuuliza, "Kimeiva, baba?"

Mzee Mbwana akala. Alitumia muda wake, sisi sote tunangoja. Akajilamba vidole.

"Kimeiva," akasema. "Umekumbuka vizuri, mwanangu. Umechelewa siku kumi na moja tu."

Aliyecheka kwanza safari hii ni Boga mwenyewe.

Masinia mia mbili na sabini. Yaliyorudi na wali: hakuna.

Jumanne, 24 Agosti

Nimempigia Mwinga kuhusu hati ya uwanja, isajiliwe kwa jina la kijiji. Amepokea mlio wa pili.

Nimefungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake jina lake. Simu: moja. Amepokea: moja. Ukurasa una mistari thelathini na miwili.